Siku Bibi Alipomshika Kaptula

Mpwa wangu amejenga nyumba ya matofali pale ilipokuwa nyumba ya babu na bibi yetu, juu ya Mlalo, kwenye njia ya kwenda Mtae. Nilipokwenda kumsalimia mwezi uliopita nilikuta geti la chuma, na nyuma ya geti mbwa wawili weusi wenye minyororo shingoni, wananibwekea kana kwamba nimekuja kuiba bati. "Shangazi, pita huku, hao wakali," akaniambia. Nikapita nimejibana ukutani, mimi niliyekulia mahali pale pale! Tulipokaa kunywa chai nilimuuliza mbwa wake wanaitwa nani. Akacheka, akasema hawana majina, wao ni wa ulinzi tu.

Basi nikamkumbuka Kaptula, na nikimkumbuka Kaptula siwezi kunyamaza, utanivumilia, rafiki yangu.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa. Wazazi wangu walikuwa bondeni kwenye mashamba ya mkonge, na mimi nikaachwa mlimani kwa babu na bibi. Nilikuwa na miaka minane hivi, shule sijaanza. Nyumba yetu ilikaa mgongoni mwa kilima, na shamba la mahindi likateremka chini yake hadi ukingoni mwa msitu. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka bondeni ukafunika kila kitu, humwoni jirani, unasikia tu kikohozi chake. Bibi alikuwa anachemsha magimbi, moshi wa kuni za miti ya miwati umejaa jikoni, na huko msituni kima wameshaanza kuitana. Mimi huyo, natafuna gimbi la moto, nakwenda dunguni. Dungu letu lilikuwa jukwaa la miti katikati ya shamba, na kazi yangu ilikuwa kukaa juu yake na kupiga ukelele kima wakishuka: "Hoooi! Hoooi! Hao wameingia!"

Ukelele ulikuwa wangu, lakini mbio zilikuwa za Kaptula. Babu alimleta kutoka gulioni Mlalo angali kitoto, ndani ya kikapu cha viazi, mweupe mwili mzima isipokuwa miguu ya nyuma na makalio, ambayo yalikuwa na rangi ya kaki. Ungeapa kavaa kaptula ya shule. Babu alimfundisha jambo moja tu: akisikia ukelele wa dunguni aache chochote anachofanya, hata chakula, akimbie shambani. Alichomoka chini ya ghala kama jiwe la teo. Kima wakubwa wenye meno ya kutisha walikuwa wanapanda miti wakitukana, na Kaptula anarudi kwangu ulimi nje, amelowa umande, anasubiri nimwambie kafanya vizuri. Nami nilimwambia kila mara. Tulikula mahindi kwa sababu yake, na watu wazima walilijua hilo hata kama hawakulisema.

Bibi hakuwahi kumgusa. Alikuwa mtu wa swala, na kwetu mbwa akikugusa akiwa na umajimaji, pua au manyoya, unajiosha mara saba, moja kati yake kwa udongo. Bibi hakulifanyia jambo hilo mjadala wala kelele. Kaptula akisogelea mlango, bibi alinyanyua kanga yake kidogo na kusema, "Wewe!" Mbwa alirudi nyuma, akakaa hatua tatu kutoka kwake, si mbili wala nne. Hata jina lake bibi hakulitamka. Alimwita "mbwa wa babu yako."

Lakini niulize nani alikuwa anampikia. Bibi huyo huyo. Kila jioni alisonga ugali uliozidi kidogo, akaukwangua na ukoko, akaumwagia mchuzi wa maharage na kunituma nikauweke kwenye kigae chake nje. Mvua kubwa ikipiga, ungemsikia kitandani: "Mzee, yule wako kalala pakavu?" Jirani yetu wa chini, mwanamke mwenye ulimi, alipenda kumkumbusha babu kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Babu akamjibu, "Ndiyo maana yeye analala nje." Bibi aligeuza uso asionekane anacheka.

Mwaka mmoja mahindi yakiwa yamebeba, mbwa mwenye kichaa alimng'ata mtoto kijiji cha pili, na yule mtoto akafa. Hofu ikapita milimani kote. Balozi wa nyumba kumi akazunguka nyumba hadi nyumba, uso hauna mchezo. "Alhamisi bwana mifugo anakuja na sindano na bunduki," akasema. "Mbwa atakayekutwa ameshikwa na wenyewe, sindano. Atakayekutwa anazurura, risasi. Sitaki mtu aje kulia kwangu."

Alhamisi hiyo ikawa zamu ya babu kulima shamba la ujamaa, na kukosa zamu ilikuwa aibu. Kabla ya kuondoka alimfunga Kaptula kwenye nguzo ya ghala kwa kamba ya mgomba, kwa kuwa ile nzuri ya katani alikuwa nayo ng'ombe. Bibi aliachwa nyumbani kwa ajili ya goti lake lililokuwa linamsumbua. Babu aliniangalia machoni. "Mjukuu wangu, leo huendi dunguni. Kaa na mwenzako. Bwana mifugo akitokea, mshike shingoni kwa mikono miwili, usimwachie."

Nikakaa naye, nimeishika kamba yake. Hajawahi kufungwa maisha yake yote, akawa analia kwa sauti ndogo, ananitazama kana kwamba nimemkosea. Nilimpapasa, nikamsimulia uongo mwingi. Hivyo hivyo hadi karibu na adhuhuri, ukungu ukajivuta juu, shamba likaonekana lote, na mle ndani naona ukoo mzima wa kima, akina mama na watoto wao wamening'inia tumboni, wanavunja mahindi yetu kama wako kwao.

Sikufikiri. Koo lilijifungua lenyewe. "Hoooi! Hoooi! Hao wameingia!"

Kamba ya mgomba ilikatika mara moja. Nilibaki na kipande mkononi, na kile kitu cheupe kikazama ndani ya mahindi. Wakati huo huo bunduki ikalia upande wa kwa jirani, na mlima ukaurudisha ule mlio mara mbili. Nikaelewa nilichofanya.

Bibi alikuwa barazani na birika lake. Alikuwa amemaliza kutawadha, maji yanachuruzika viwikoni. Alinitazama mimi, akatazama kile kipande cha kamba, akatazama njia. Aliweka birika chini taratibu, akateremka pekupeku, mwanamke ambaye wiki ile nzima alikuwa anasimama kwa kushika ukuta. Nikamfuata.

Bwana mifugo alikuwa anapanda njia akiwa na balozi, bunduki mkononi. Kaptula kwa upande wake alikuwa ameshamaliza kazi, akatokea njiani baina yetu na wao, amelowa, ana matope hadi masikioni, anatikisa mkia. Bwana mifugo akainua bunduki.

"Kaptula!" Ilikuwa sauti ya bibi. "Kaptula! Njoo baba, njoo!"

Mbwa aligeuka. Sauti ile aliijua kwa "Wewe!" tu. Akaja mbio, na alipomfikia bibi akafanya kile alichofundishwa siku zote: akasimama hatua tatu kutoka kwake, akakaa.

Zile hatua tatu bibi alizimaliza mwenyewe. Alipiga magoti kwenye matope, goti bovu na zima, akamkumbatia yule mbwa aliyelowa kwa mikono miwili, kifuani, kidevu chake juu ya kichwa cha mbwa. Nimeona mambo mengi tangu hapo, nimezaa, nimezika, lakini sijaona tena kitu kilichonisimamisha nywele kama kile. Kaptula hakutikisika. Nadhani hata yeye alishangaa.

Bunduki ikashuka. Bwana mifugo alikuwa kijana wa Tanga, mwenye adabu zake. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, naomba umwachie. Huyu tumemkuta anazurura."

"Mlisema atakayekutwa ameshikwa na wenyewe apewe sindano. Haya, mwenyewe ni mimi. Nimemshika."

Balozi aliona haya kwa niaba yake. "Lakini mama, wewe mtu wa swala. Na huyo alivyolowa..."

"Maji yapo," bibi akasema. "Udongo upo. Kaptula mwingine yuko wapi?"

Bwana mifugo alimkabidhi balozi bunduki, akapiga magoti kwenye matope yale yale, akatoa sindano. Kaptula alilia kidogo. Bibi akamwambia, "Basi baba, basi, imekwisha," kama alivyoniambia mimi nilipokuwa na homa.

Walipoondoka, aliniambia nimshike mbwa, akaenda kwenye mfereji wa maji juu ya nyumba. Alijiosha mikono, kifua na kidevu, kwanza kwa udongo mwekundu aliouchanganya na maji, halafu maji peke yake, mara sita, bila haraka. Nilihesabu. Akafua kanga zake vivyo hivyo, akajifunga nyingine, akatawadha upya, akaswali adhuhuri yake ikiwa alasiri inabisha hodi. Jioni ile nilidhani sasa mambo yamebadilika, nitamwona anampapasa. Wapi! Kaptula alisogea mlangoni, bibi akanyanyua kanga, "Wewe!", na mbwa akarudi nyuma akakaa. Wakatazamana hivyo, kila mmoja mahali pake, na nikaona hakuna anayemdai mwenzake kitu. Ugali wa kigaeni tu ndio uliokuwa mkubwa kuliko siku zote.

Kaptula aliishi miaka mingine mingi, akazeeka, akawa kiziwi hata ukelele hausikii, na babu alimzika ukingoni mwa shamba bila kumuuliza mtu. Siku hizi hakuna dungu. Kilima chote ni kabichi na nyanya za kupeleka mjini, watoto wako shule, kama inavyopasa, na kima wakishuka wanafukuzwa kwa simu inayopiga kelele. Sisemi zamani ilikuwa bora, tulikuwa na njaa na mtoto aliweza kufa kwa meno ya mbwa. Ila nyumba nzima ilimfahamu mnyama wake, naye akawafahamu wao, kila mtu na mpaka wake, na hilo silioni tena, nami nalililia.

Kuna jambo nililibeba miaka mingi. Bibi hakuniuliza kamba ilikatikaje, na babu aliporudi, bibi mwenyewe alimwambia ilikuwa mbovu. Bibi alipougua ugonjwa wake wa mwisho, mimi tayari mama wa watoto watatu, nilikaa kitandani kwake nikamwambia: "Bibi, siku ile ya sindano, ni mimi niliyepiga ukelele. Nilisahau. Nusura nimuue Kaptula."

Alinipapasa mkono kwanza.

"Nilikusikia," akasema. "Nilikuwa natawadha. Nikasema moyoni, mtoto anafanya kazi yake, mbwa anafanya kazi yake. Na mimi je, nikae tu?"