Mume wangu amemchinja kanga wetu

Jamani, leo mume wangu amemchinja kanga wetu.

Tumemlea sisi wawili tangu akiwa kifaranga. Jioni tukicheza bao, ndege huyo alilala miguuni pa mume wangu. Marafiki walitoka Itetemia kuja kumtazama tu!

Leo mama mkwe amekuja na garimoshi kutoka Bukene. Mimi nilikuwa kisimani. Kurudi, manyoya yametapakaa uani.

"Shikamoo, mama. Huyu tulikuwa tunamfuga."

"Marahaba. Mwanamke asiye na mtoto ndiye hulea ndege."

Nikamgeukia mume wangu, nikingoja aseme neno.

Akasema, "Usizidishe chumvi, mama hapendi."

Nimempika kanga wetu. Wamekula, wakanisifia mchuzi.

Niko jikoni, sijaonja. Ninyi mngenyamaza?