Wimbo Niliomwimbia Bibi Arusi

Mucheke mukitaka, wimbo wangu siuachi. Utotoni, kwenye nyumba ya video pale Kampemba, filamu za Kihindi alitutafsiria mwenye video mwenyewe. Wimbo niliopenda kuliko yote, alisema ni wa kumsifu bibi arusi. Nikaukariri wote.

Jumamosi, patron wangu wa kazi, Muhindi, alikuwa anaoza binti yake. Nikaomba mikro, nikaimba kwa Kihindi, mkono kifuani. Mama wa bibi arusi akaanza kulia. Nikaona nimemgusa moyo, nikapandisha sauti.

Patron akanisogelea, akaninong'oneza: "Papa Célestin, mu ile filme, mama iko nalilia maiti ya binti yake."

"Patron, inabaki kipande kimoja tu," nikamujibu, na nikakimaliza.