Kalkulasi ya Kununua Sura Moja Moja

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo hasira inanipanda, ingawa aliyeniudhi alikuwa rafiki yangu. Ilikuwa Juba, miaka ile ya baada ya mkataba wa amani, kabla ya kura ya kujitenga. Watu walikuwa wanarudi kutoka kila upande. Mimi sikuwa na pa kurudi. Nilifuata tu malori ya kule mpakani Nimule nione mbele kuna nini. Shule niliiacha mapema, lakini kuuliza sikuacha, na nakuandikia haya kwa sababu nimeona ulivyopanga miongozo ya hesabu mezani kwako kama mtu anayefungua duka.

Nilipanga chumba Gumbo, ng'ambo ya daraja, pamoja na kijana aitwaye Lado. Alizaliwa Juba, akalelewa Nakuru, akarudi kusomea uhandisi chuoni. Mimi mchana nilishusha saruji na magunia bandarini, kwenye matishari ya mtoni. Yeye alikuwa anasoma. Au ndivyo nilivyodhani.

Alikuwa ameanguka mtihani wa kalkulasi ya vigeu vingi. Jina lisikutishe. Ni hesabu ya jambo linalotegemea mambo kadhaa yanayobadilika kwa pamoja, kama vile joto la chumba linavyotegemea umesimama wapi na ni saa ngapi. Chuo kilimpa mtihani mmoja wa marudio. Akianguka tena, uhandisi ndiyo basi, wakati mama yake kule Nakuru alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe amekwenda kujenga madaraja.

Sasa, vitabu Juba vilikuwa adimu. Pale soko la Konyo Konyo palikuwa na mama mmoja wa Arua aliyeleta miongozo kutoka Kampala, ile inayoeleza somo kwa kifupi na kujibu maswali. Kwa kuwa wanafunzi hawakumudu kitabu kizima, aliupasua mgongo wa kitabu kwa kisu cha kabichi, akauza sura moja moja, kila moja imefungwa uzi. Sura zenye majibu ziliisha mapema. Utangulizi haukuwa na mnunuzi. Ule aliutumia kufungia njugu.

Siku niliyomsindikiza Lado, alitaka sura ya mwisho ya mwongozo wa bluu.

"Ya bluu imeisha," mama akasema. "Mimi iko na ya kitabu nyekundu. Chukua tu, mtoto yangu. Si yote ni namba?"

"Zote ni namba, Mama," Lado akacheka, akanunua.

Nikamwuliza mbona hanunui na sura za mwanzo.

"Buda, hizo ni za watu hawana haraka."

Basi akawa analala chali kitandani anasoma majibu kama mtu anayesoma gazeti. Anatikisa kichwa. "Nimeshika hii." Anafungua nyingine. "Hata hii nimeshika." Mimi, kwa udadisi wangu, namwonyesha mstari mmoja, namwuliza wametokaje hapa wakafika pale.

"Si imeandikwa hapo, 'ni rahisi kuonyesha kwamba'."

"Basi nionyeshe."

"Wewe wacha kunisumbua. Kwani ni wewe utafanya mtihani?"

Mwanangu, hakuna kinachochosha kama mtu anayesema ameelewa huku akikataa kuulizwa. Nilikuwa natoka bandarini mgongo unauma, na bado yeye ndiye alikuwa ananichosha zaidi.

Jirani yetu alikuwa Mwalimu Wani, mzee wa kabila la Kibari aliyefundisha hesabu Uganda miaka yote ya ukimbizi. Jumapili moja, baada ya ibada, Lado, nami nyuma yake, alimpelekea swali lililomshinda: kutafuta ujazo wa kipande cha tufe. Kila akikokotoa, jibu lake halifanani na la kitabu. Mwalimu akazipokea karatasi, akazigeuza, akaivua miwani.

"Hizi ni za vitabu viwili."

"Ndiyo, Mwalimu. Bluu na nyekundu."

"Kwa herufi hii, bluu inapima pembe kuanzia juu, kichwani kwa tufe. Nyekundu, kwa herufi hiyo hiyo, inapima pembe ya kuzunguka kiunoni. Umeanza na moja ukamaliza na nyingine. Kila kitabu kinaeleza herufi zake kurasa za mwanzo. Za kwako ziko wapi?"

"Mafi, Mwalimu. Hazipo. Ziko sokoni na njugu."

Mimi nilicheka. Mzee hakucheka.

"Hujasoma hata kimoja," alisema. "Umekaa ukatazama wenzako wakila, halafu ukapiga mbweu wewe."

"Lakini nikisoma jibu naelewa!"

"Jibu kila mtu anaelewa! Hata huyu mshusha mizigo analielewa. Mtihani hautakuuliza kama umeelewa. Utakuambia uanze. Utaanza na nini?"

Akatutoa nje hadi mahali unapouona Jebel Kujur kule upande wa pili wa mto. Akasema, tuchukulie unasimama ubavuni mwa mlima ule. Urefu wa pale uliposimama unategemea umekwenda kiasi gani mashariki na kiasi gani kaskazini. Ukitaka kujua mlima unavyopanda, shikilia kimoja kitulie, usogeze kingine, uone, kisha badilisha. Kisha akamwuliza Lado, "Utembee kuelekea wapi ili usipande wala usishuke?"

Unajua alifanya nini? Alianza kupekua karatasi. Wallahi nilitaka kumzaba kofi.

"Weka chini hizo, ya zol, mtu wewe!" Mwalimu alifoka. "Mlima uko mbele yako!"

Lado akaziweka chini. Akautazama mlima, safari hii kweli kweli. Mkono wake ukaanza kwenda polepole hewani.

"Nizunguke ubavu."

"Na penye mteremko mkali kuliko kote?"

"Nikate..." Mkono ukapinda kuelekea kileleni. "Nikate pembe mraba na ile njia ya kuzunguka. Juu moja kwa moja."

"Khalas. Hiyo ndiyo sura unayoinunua kila wiki."

Mwalimu alizitwaa zile sura zote. Akamwachia maelezo ya darasani na mwongozo mmoja wake mwenyewe, mzima, wenye utangulizi, akampa masharti. Ulisome somo kwanza, mwongozo baadaye. Ukifika kwenye mfano, funika jibu kwa kipande cha boksi, andika mstari wa kwanza mwenyewe. Ukikwama kabisa, funua mstari mmoja tu. Ukimaliza, funga kitabu ulirudie swali tangu mwanzo. Kushika lile boksi ilikuwa kazi yangu.

Lado alinitukana, mwanangu!

"Funua kidogo, buda."

"Anza."

"Mstari mmoja tu, aki."

"Anza kwanza."

"Wewe hata shule hukumaliza!"

"Ndiyo maana sina haraka. Anza."

Ikaja kuonekana kwamba vile vigeu vingi havikuwa shida yake. Shida ilikuwa hesabu za sekondari, kurahisisha sehemu na kuhamisha herufi, mambo aliyokuwa ameyaruka tangu zamani. Mwalimu akamrudisha huko. Lado aliona aibu, akanuna, akasusa kula nami. Kisha akarudi mezani, kwa sababu mtihani ulikuwa haumsubiri.

Siku ya marudio nilimngoja getini. Akatoka shati limelowa jasho.

"Vipi?"

"Swali la tatu sijawahi kuliona popote."

"Ukafanyaje?"

"Nikaanza," akasema, kama mtu anayenishangaa kwa kuuliza. "Nikachora umbo kwanza. Halafu ikaenda."

Alipita. Si kwa alama za kujivunia barabarani, lakini alipita, na uhandisi akabaki nao.

Kwa hiyo nisikilize, na usinitikisie kichwa kama yeye. Mwongozo ni msaidizi. Anayefundisha ni mwalimu wako na kitabu chenyewe cha somo. Chagua mwongozo mmoja uusome kuanzia ukurasa wa kwanza, ujue herufi zake zinasema nini, uache kurukaruka kwa kila utakaousikia unasifiwa. Jibu lililokwisha kuandikwa lifunike mpaka mkono wako umejaribu. Chora umbo kabla ya kukokotoa. Ukikwama, rudi nyuma hadi pale ulipokwama mara ya kwanza kabisa, hata kama ni darasa la watoto, na usimwonee haya mtu. Na akitokea wa kukuuliza "wametokaje hapa wakafika pale," usimfukuze. Mtu huyo anakupa mtihani bure.

Mungu akujalie utulivu wa kukaa na swali gumu bila kulikimbia, akuwekee karibu mtu mkaidi wa kukunyima jibu, na siku utakapokutana na swali usilowahi kuliona, mkono wako usitetemeke. Amina, mwanangu. Haya, kaa uanze.