Pindo la Gauni

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Walipoachana na mumewe, mahakama ilimpa mume huyo binti yao kabla mtoto hajajua kusema vizuri. Baba ana nyumba na mke mpya wa kulea, hakimu akasema, na mdogo wangu ana chumba cha kupanga. Eti maslahi ya mtoto!

Akaruhusiwa kumwona mwanawe mara moja kwa mwezi, ofisi ya ustawi wa jamii, afisa akiwa hapohapo anachezea simu. Nani atakuwa mama wa mtu kwenye benchi la ofisi? Mdogo wangu hakujua aanzie wapi, akashika anachokijua, futi ya kupimia. Kila mwezi anampima mtoto, na mwezi unaofuata anamletea gauni.

Nilimfokea. “Weka hiyo futi pembeni, uzungumze na mwanao!”

“Dada, nikimpima kiuno ananiacha nimzungushie mikono.”

Jana nilimsindikiza. Mtoto, ambaye siku hizi anasoma, aliingia na kusimama katikati ya chumba, akanyoosha mikono pembeni kama mteja.

“Fundi, nimekuja.”

Mdogo wangu akapiga magoti, akaanza kupima.

“Mama amesema safari hii uache pindo kubwa,” mtoto akasema, “ili nikirefuka tulishushe wenyewe, tusihangaike kuja kila mwezi.”

Nilimtazama afisa. Bado alikuwa kwenye simu yake. Mdogo wangu akaitikia, “Sawa,” kisha akapima urefu upya, taratibu, kutoka begani mpaka kisiginoni.