Maji Niliyomwaga Dirishani

Ndugu zangu wagonjwa, nanyi mliowaleta, namshukuru Mungu aliyeniachia nusu ya ulimi. Nusu hiyo ndiyo ninayoitumia leo. Neno likipinda mnivumilie, maana upande wa kulia wa mdomo wangu bado haujaamka vizuri. Paroko ameniomba nieleze jinsi nilivyougua na jinsi nilivyopona. Nilimwambia kwamba habari yangu ina mambo ya chooni. Akasema basi hiyo hiyo niwaambie.

Wengi mnaniita Mwalimu. Nimekuwa katekista wa kigango chetu huku juu, njia ya Matiri, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nilikuwa mtu wa nguvu, na mtu wa usafi, tena usafi wa kuudhi watu. Wazee waliopo hapa wanakumbuka Alhamisi Kuu zangu. Mimi ndiye niliyechagua wanaume kumi na wawili wa kuoshwa miguu na padre. Niliwapitia nyumbani mapema, nikawaagiza wasugue visigino kwa jiwe, wakate kucha, wapake mafuta. Kabla ya Misa niliwapanga nje ya kanisa nikawakagua mmoja mmoja. Padre hakuwahi kuletewa mguu mchafu katika kigango changu. Nilijivunia jambo hilo na sikuona kichekesho chake.

Ilikuwa miaka ile chama chetu cha ushirika kilipokuwa kinakufa. Mbolea ya mkopo ilikoma, hospitali zikaanza kumtaka mgonjwa achangie, na kahawa ikawa inanunuliwa na watu binafsi waliokuja na malori yao. Watu walichanganyikiwa. Kila Dominika nilisimama nikawaambia wasiyumbe, wamshike Kristo, kwa sababu yeye hapandi na kushuka kama bei. Nilisema vizuri. Wakati huo nilikuwa na miguu miwili mizima.

Mke wangu alikuwa amekwisha kufariki. Mtoto wangu wa pekee, Otmari, aliichoka kahawa akaenda Tunduru kutafuta mawe ya thamani kama vijana wengine. Nyumbani nilibaki na mke wake, Estela, binti wa Lundo kule ziwani, aliyezaliwa katika ukoo wa Waanglikana. Desturi yetu mnaijua. Mkwe haingii chumba cha baba mkwe, hagusi kitanda chake, na maji ya kuoga huyaweka uani akaondoka kabla mzee hajatoka. Estela aliishika desturi hiyo kuliko hata wasichana wa huku kwetu. Akileta chakula alipiga goti, akakiweka, akarudi kinyumenyume.

Kwaresima moja nilikuwa mteremkoni nalima ngolo, yale mashimo yetu, kwa ajili ya maharage. Jembe likaniponyoka mkono wa kulia. Nikaliokota, likaponyoka tena, nami nikaucheka mkono wangu. Nilipotaka kumwita jirani yangu, Mzee Gaudensi, aliyekuwa analima ng'ambo ya kijito, mdomo ulienda upande na mate yakanitoka. Mguu wa kulia ukalegea. Nikaanguka ndani ya shimo nililolichimba mwenyewe, na nguo zikalowa mkojo kabla Gaudensi hajafika.

Wanaume walinibeba kwa machela hadi hospitali. Daktari alisema presha ilikuwa imepanda siku nyingi bila mimi kujua, na mshipa umepasuka kichwani. Upande wote wa kulia ulikuwa umekufa. Ulimi nao ulikataa. Na hapa kuna jambo la ajabu: sikuweza kutamka neno maji, lakini Salamu Maria niliisema yote bila kukosea. Daktari alieleza kwamba maneno tuliyokariri tangu utoto hukaa mahali pengine kichwani. Basi nikitaka uji, nilisema Salamu Maria. Nikitaka choo, ilikuja Salamu Maria vilevile. Wauguzi walidhani mimi ni mtakatifu.

Otmari alirudi akaniuguza hospitalini kama mama. Aliponirudisha nyumbani ikambidi aende tena Tunduru, kwa sababu dawa za presha zilikuwa za kununua. Kabla ya kuondoka alipanga mambo. Wanaume wa jumuiya yetu wangeniosha na kunigeuza kwa zamu, wakisimamiwa na Gaudensi. Estela angepika na kuweka kikombe na bakuli juu ya kigoda karibu na kitanda, macho yakiwa chini. Hiyo tu ndiyo ruhusa tuliyompa.

Zamu zilikwenda vizuri mpaka kahawa ikaiva. Zamani chama kilipokea kahawa kwa utaratibu, kila mtu kwa siku yake. Sasa lori la mnunuzi lilikuja bila taarifa, na ambaye kahawa yake haijakauka aliachwa. Watu walichuma, wakamenya, wakaanika mbio mbio. Zamu yangu ikasahaulika. Gaudensi alikuja asubuhi, mara akaja jioni, mara hakuja. Simlaumu. Ningekuwa mzima nami ningekimbilia kahawa yangu.

Asubuhi moja nilijisaidia kitandani na hakuna aliyekuja. Estela alileta uji, akasimama mlangoni. Harufu ilikuwa imejaa chumba. Aliuliza, akiwa ametazama sakafu, kama amtafute mtu. Nilijibu Salamu Maria. Alikwenda kwa majirani, akawakuta wote wako mashambani, akarudi akaketi nje ya mlango wangu mpaka jua likashuka na Gaudensi akaja kuniosha. Nilimsikia akikohoa kidogo kidogo ili nijue kwamba yupo. Mimi nilikuwa nimelala ndani ya uchafu wangu, mwalimu wa watu, mkaguzi wa visigino, na nilimwona Mungu kama amenivua nguo mbele ya mkwe wangu.

Siku hiyo niliamua nisinywe tena. Asiyekunywa hakojoi, na asiyekula hana la kuoshwa. Dirisha langu liko juu ya kitanda, upande wa mkono wa kushoto, ule mzima. Estela akiweka maji na kutoka, niliyamwaga nje. Uji nao niliumwaga, nikabakiza wa kulowesha midomo. Moyoni niliita jambo hilo mfungo. Nilimwambia Mungu kwamba namtolea kiu yangu. Ndugu zangu, niliwafundisha wakatekumeni, wanaojiandaa kubatizwa, miaka mingi tofauti ya mfungo na kiburi, na nilipofika mtihani wangu mwenyewe nikaandika jibu la uongo.

Ulimi ulikauka ukanata kaakaani. Mkojo ukawa mchache, mwekundu, unaochoma. Matakoni, pale mfupa unapokaribia ngozi, palianza kidonda kwa sababu sikugeuzwa. Niliwaficha hata wanaume waliokuja, nikiwapungia mkono waende kana kwamba nimeoshwa jana. Nilifikiri nitakufa nikiwa safi.

Kuku ndio walionisaliti. Walizoea kujikusanya chini ya dirisha langu saa ya uji. Estela akaenda kuwafukuza, akakuta pale chini nyasi mbichi zimeota, wakati huo wa kipupwe ambapo uwanja wote ulikuwa umekauka. Alisimama akizitazama. Mimi nilikuwa namwona kichwa tu kwenye dirisha, kilemba chake cha kitenge, hakisogei.

Akaingia ndani. Hakupiga goti. Alibeba beseni la maji ya moto na shuka safi, akafunga mlango. Nilikusanya nguvu zangu zote nimwambie aondoke, na kinywani mwangu ikaja Salamu Maria.

"Haya, Baba," akasema. "Wewe sali. Mimi naosha."

Nilimsukuma kwa mkono wa kushoto. Akaushika ule mkono, akauweka kifuani kwangu taratibu. Akasema:

"Baba yangu alipokufa Lundo, alioshwa na watu baki. Mimi nilikuwa hapa jikoni kwako, nakupikia wewe. Sitamwacha baba mwingine afe hivyo. Funga macho, Baba. Mimi sifungi, kwa sababu nikifunga nitakuumiza."

Nilifumba macho. Aliniosha kila mahali. Nilisikia pumzi yake ikikatika alipofika kwenye kidonda, ambacho kilikuwa cheusi katikati na kinanuka kama nyama iliyooza, maana ndivyo ilivyokuwa. Nililia kwa haya, si kwa maumivu, kwa kuwa pale katikati hapakuwa tena na maumivu. Nilirudia Salamu Maria mpaka sauti ikaisha. Miezi baadaye aliniambia kwamba siku ile alijua vizuri nilichotaka kusema.

Kisha alinipa maji kwa kijiko. Nilikaza meno. Akangoja, kijiko mkononi, mpaka nikaona aibu ya kumchosha nikafumbua mdomo.

Alitoka barabarani akasimamisha lori la mnunuzi wa kahawa, nami nikapelekwa hospitali nimelazwa juu ya magunia. Daktari alivuta ngozi ya mkono wangu, ikabaki imesimama. Alisema figo zilikuwa zinaelekea kukauka, na tungechelewa kidogo kidonda kingeingia kwenye mfupa. Akauliza nani ananiosha. Estela akajibu ni yeye. Daktari akamwuliza kama ni binti yangu.

"Mimi ni mkwe wake," akasema.

Daktari naye ni mtu wa huku huku. Aliinama kuandika dawa, na masikio yangu yakawaka moto.

Nilikaa hospitali mpaka kidonda kikaanza kuleta nyama nyekundu. Niliporudi nyumbani, Estela aliendelea kuniosha, kunigeuza, kuninywesha. Shuka zangu alizianika nyuma ya nyumba ili wapita njia wasizione. Lakini mambo ya kijiji mnayajua. Bombani, ambako wanawake hutwishana ndoo, walianza kumkwepa. Walisema Otmari yuko mbali, na mkewe anashinda chumbani kwa mzee. Alikuwa akiinama peke yake, anapandisha ndoo gotini, kisha begani, nusu ya maji ikimmwagikia. Alirudi amelowa na hakusema kwa nini. Mke wa Gaudensi ndiye aliyeniambia, tena kwa kunionea huruma mimi.

Hiyo ndiyo aibu iliyoniuma kuliko ya kinyesi. Ya kinyesi ilikuwa yangu. Hii aliibeba yeye kwa ajili yangu, na mimi, niliyekuwa na neno juu ya kila mtu katika kigango, sikuwa na ulimi wa kumtetea. Basi niliomba. Sikuomba kutembea. Niliomba maneno machache tu yaliyo yangu, yasiyo ya kukariri.

Yalikuja polepole. La kwanza lilikuwa maji. Estela alifunga kamba kwenye boriti nijivute, kisha Gaudensi akanichongea mkongojo, nikawa natembea kati ya mikahawa nikiukokota mguu. Ishara ya msalaba nilijifunza kuifanya kwa mkono wa kushoto, huku nikiomba radhi kila mara. Otmari alirudi kutoka Tunduru mikono mitupu. Nilimweleza yote kwa ulimi wangu mzito. Alitoka nje, akamkuta mkewe anafua shuka zangu, akakaa chini akafua naye.

Alhamisi Kuu ikafika tena. Paroko alituma neno kwamba safari hii mimi niwe mmoja wa wale kumi na wawili. Estela alinisugua miguu mchana, akaipaka mafuta. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, na mguu wangu wa kulia hauinuki. Ulilima tope lote la njiani. Nilipokaa kwenye benchi mbele ya kanisa ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kifundo, kati ya miguu kumi na mmoja inayong'aa. Nilijaribu kuusukuma nyuma kwa mkongojo.

Paroko akapiga magoti mbele yangu akaushika. Nikamkumbuka Petro, jinsi alivyokataa kuoshwa miguu na Yesu, na jinsi nilivyozoea kuwafundisha watoto kwamba alikosea. Nikamwomba paroko asubiri. Nyuma yake niliwaona wanawake wa bombani, safu nzima.

"Padre, mguu huu una mwoshaji wake," nikasema. "Mkwe wangu Estela ameniosha miezi yote hii. Kinyesi changu ameosha. Nilimkataza, nikataka kufa, hakunisikia. Mwenye neno, aje kwangu."

Kwa ulimi wangu maneno hayo yalichukua muda mrefu sana, na mengine niliyarudia. Paroko alibaki amepiga magoti, maji yanamtiririka viwikoni. Nilipomaliza nilikuwa nimejivua nguo mwenyewe safari hii, mbele ya kigango kizima. Ndipo paroko akauosha mguu wangu, na maji ya beseni yakawa mekundu.

Tulipokuwa tunarudi, Estela alitembea nyuma yangu kama desturi, amejifunika kichwa kwa kanga. Tulikuwa karibu kufika aliposema, "Baba, umenitia aibu."

Nikamwambia, "Najua, mwanangu. Pole."

Baada ya Pasaka alirudi kutoka bombani nguo zake zikiwa kavu. Sikumwuliza nani amemtwika ndoo.

Ndugu zangu, msidhani haya yangu imekwisha. Nikimwona Estela anaingia na beseni bado nafumba macho. Mungu hakuniondolea haya hiyo. Alinipa tu mtu wa kukaa nami ndani yake. Pimeni presha, mezeni dawa hata mkijisikia wazima. Na wewe unayelala nyumbani, unayemficha mwanao au mkweo kidonda chako na kuliita jambo hilo sadaka, nakuomba uache.

Estela yule pale karibu na mlango, ameinamisha kichwa. Chupa hii ya maji ni yeye aliyenijazia. Nakunywa sasa, mbele yenu, mpaka iishe. Baadaye nikihitaji kutoka nje atakuja kunishika mkono, nanyi mtupishe njia.