Maombi Mawili, Moshi Mmoja

Nilipopata kazi ya kupiga beleshi kwenye mtambo wa umeme wa kiwanda kimoja mjini Lilongwe, nilimshukuru Mungu kabla sijauliza ni kazi ya namna gani. Mtambo ulichoma makaa ya mawe na kukiendesha kiwanda kila umeme wa mji ulipokatika. Kwangu ulikuwa zaidi ya hapo, maana kwa ajili ya kazi ile niliruhusiwa kuishi nje ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mimi na mke wangu tulipanga chumba mtaa wa Chinsapo, nyuma tu ya ukuta wa kiwanda. Nikawa tena mtu anayeweza kwenda sokoni bila kuulizwa katoka wapi.

Lakini moshi ulimkaa mke wangu kifuani. Alikuwa akifua kanzu nyeupe za kwaya, akizianika zinashika masizi kabla hazijakauka. Kila akiinama kwenye beseni alikohoa mpaka akashika ukuta.

Kisha tukasikia kwamba mtambo utafungwa, kwa kuwa kiwanda kinaweka sola juu ya paa. Sisi wapiga beleshi, karibu wote watu wa kwetu Uvira na Fizi, tukakubaliana kufunga chakula na kuomba, ili Mungu ageuze mioyo ya wenye kiwanda. Kwetu mtu aliyefunga haulizwi anaombea nini. Mke wangu aliona nsima yangu, ugali wa huku, imebaki sahanini, akaifunika.

Mtambo ulizimwa vilevile. Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, mke wangu alisimama mbele ya kanisa.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Muniangalie, bapendwa. Nimetembea toka nyumbani mpaka hapa, sikusimama hata mara moja. Ule moshi umekwisha! Na huyu papa, mume wangu munamuona, alifunga juu ya kifua changu, hata mimi hakuniambia. Lakini Mungu alimusikia!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mwenzangu wa zamu, aliyekaa nyuma yangu, akaniinamia sikioni.

"Eh, mzee! Kumbe sisi tulikuwa tunavuta kamba huku, we unavuta kule? Njo maana tulianguka."

"Nyamaza, ndugu yangu."

"Mi nanyamaza. Lakini leo omba pole pole. Maombi yako iko na nguvu, tumeona."

Kwa kawaida mzee wa kanisa ndiye anayemalizia ushuhuda kwa sala, na siku hiyo ilikuwa zamu yangu. Nikaenda kusimama kando ya mke wangu, naye akanishika mkono. Nimwombe Mungu mtambo uwake tena, huku mkono huu uko ndani ya wangu? Nimshukuru kwa kuuzima, mbele ya wanaume walioshinda na njaa pamoja nami? Nilitafuta neno la tatu, sikulipata. Nikaanza Baba Yetu. Nilipofika kwenye "mapenzi yako yatimizwe," kanisa likaendelea bila mimi.

Kazi ilipokwisha, ruhusa nayo ilikwisha. Tulirudi Dzaleka na beseni, magodoro na Biblia zetu. Hakuna aliyetutukana njiani, na jirani mmoja alitupokea kwa uji. Nimefundishwa, nami nimewafundisha wengine, kwamba mwenye kushukuru hachoki kungoja. Naliamini neno hilo hata leo, ingawa kungoja kwenyewe kuna siku kunanibana kama kola ya shati la mtu mwingine.

Hapa mke wangu anafagia uwanja wote bila kupumzika, tena akiimba. Sijapata kumwambia tuliomba nini, na sidhani nitamwambia. Namsikiliza, nafurahi kweli, kisha kola ile inanibana, nafunga kamba za viatu.

"Unaenda wapi, papa?"

"Mpaka barabarani."

"Halafu?"

"Halafu ninarudi."

"Basi beba dumu," akasema, "urudi na maji."