Jumamosi ya Kutembea

Coleta alikuwa anakodisha viti. Viti vya plastiki mia nne, maturubai matatu, na meza za kukunja ambazo kila zikitoka kwenye sherehe hurudi na mguu mmoja umelegea. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna Jumamosi ya harusi pale Sumbawanga iliyompita: alfajiri yuko juu ya kirikuu, kile kigari cha mizigo, akishusha viti, jioni yuko nyuma ya ukumbi akisubiri watu wamalize kucheza ili avipakie. Alikuwa na miaka thelathini na saba, hajaolewa, na majirani zake, ambao hawajawahi kukosa la kusema, walisema huyu dada ameozesha mji mzima kasoro yeye mwenyewe. Aliwasikia. Wakija kukodi aliwatoza bei ileile ya wengine.

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani ziliingia wiki moja. Wakristo hawaoi, Waislamu hawaoi, viti vikalala stoo. Coleta akajikuta ana Jumamosi nzima mkononi, na hakujua aifanyie nini, mpaka akamkumbuka mama yake.

Mama yake, Rozina, anaishi kijijini Mollo, analima mahindi na ulezi, na ukimwambia apumzike huchukua jembe akaenda kupumzikia shambani. Mjini huja kwa hospitali, misa, msiba au mbolea. Coleta alitaka jambo moja, na alilitaka kwa moyo wote: amwone mama yake, japo mara moja kabla hajazeeka kabisa, akikaa siku nzima bila kazi na kuifurahia. Akampigia simu.

"Mama, Jumamosi tunaenda kutembea. Uvae vizuri."

"Kutembea kwa akina nani?"

"Utaona hukohuko."

Kisha mama akasema taratibu, "Haya, mwanangu. Nitajiandaa."

Na alijiandaa kwelikweli. Jumamosi saa mbili asubuhi alishuka kwenye bajaji akiwa na sare mpya ya WAWATA, umoja wa akina mama wa Kikatoliki, kilemba kimefungwa kikafungika, na viatu vya kufunika ambavyo Coleta alimnunulia Krismasi ya mwaka juzi na hakuwahi kumwona navyo. Mkononi alishika kapu. Ndani ya kapu mlikuwa na furushi la unga wa ulezi na kuku jike aliyefungwa miguu.

"Mama, huyo kuku muache nyumbani kwangu basi. Tunaenda bustanini."

"Mtu haendi mikono mitupu," Rozina akasema, na kapu hakuliachia. Wakaenda na kuku.

Bustani yenyewe ilikuwa juu kidogo ya mji, lami inapoishia. Mwenye nayo alizungushia uzio shamba lililokuwa la mahindi, akapanda nyasi, akaleta bembea za minyororo, kigari moshi cha watoto, na gurudumu kubwa lenye viti kumi na viwili linaloendeshwa na jenereta. Upepo wa Ufipa ulikuwa unapita humo bila kubisha hodi, na mawingu ya masika yalikuwa chini. Mlangoni alikaa dada mmoja anayeitwa Jenifa, mkata tiketi. Alimtazama kuku, akamtazama Coleta, akaamua kutouliza. Akamweka kuku chini ya meza yake, na Rozina akamshukuru kwa muda mrefu kuliko kuku alivyostahili.

Wakapata benchi mahali pazuri, usoni pa gurudumu. Coleta alikuwa amepanga kila kitu kichwani.

"Mama, tuanze na lile?"

Rozina alilitazama gurudumu. Alikifuata kiti kimoja cha buluu kwa macho, kikapanda, kikafika juu, kikateremka. "Hapana," akasema. "Sasa hivi hapana."

"Kigari moshi?"

"Mimi mtu mzima, Coleta?"

Coleta akaagiza chipsi mayai. Mama akasema atakula baadaye, na Coleta akadhani ni mambo ya mfungo. Akaagiza chai. Mama akanywa funda mbili, akaifunika kwa kisahani. Alikaa ukingoni mwa benchi, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kila geti lilipolia alijifuta uso na kunyoosha kitenge. Saa nne ikapita hivyo, na saa tano, na saa sita.

Ukweli usemwe: Coleta alikasirika. Alijikasirikia mwenyewe kwa kudhani furaha ni kitu unachoweza kukipakia kwenye gari ukampelekea mtu, na alimkasirikia mama yake kidogo pia. Siku moja tu katika miaka kumi na mmoja, na mama ameikalia kama foleni ya hospitali. Akala chipsi peke yake, zikampoea mdomoni.

Saa saba akaingia mzee mmoja wa makamo amevaa koti, na mkewe nyuma yake. Rozina akasimama. Kabla Coleta hajaelewa kinachotokea, mama yake alishafika mbele yao, akachuchumaa, akapiga makofi yale ya taratibu ambayo kwayo Wafipa huwaamkia watu wa kuheshimiwa. Akauliza habari za nyumbani. Akauliza habari za watoto, za mvua, za mashamba. Mzee alikuwa mstaarabu, akajibu yote, na mkewe naye akachuchumaa kwa heshima. Salamu zikaisha. Wakabaki wanatazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake aendelee. Mwishowe yule mzee akauliza choo kiko upande gani.

Rozina akarudi kwenye benchi polepole.

"Kumbe sio hao," akasema.

"Sio akina nani, mama?"

"Watu wako."

"Watu wangu gani?"

"Wakwe, Coleta! Wanakuja saa ngapi? Kuku amefungwa miguu tangu alfajiri, na mimi njaa inaniuma."

Yote yakamjia Coleta kwa mpigo. Nani, kama si yeye, alimwambia mama, tena zaidi ya mara moja, wakiwa jikoni Mollo, kwamba siku hizi watu wa mjini utambulisho wa wachumba hawaufanyii nyumbani, familia mbili zinakutana bustanini, na viti vinatoka kwake? Nani alisema wanaenda kutembea, na kutembea ni kwenda kwa mtu? Nani alisema uvae vizuri? Tena binti wa miaka thelathini na saba. Mama alikataa gurudumu kwa sababu ya wakwe. Alikataa chipsi kwa sababu ya wakwe, maana mtu hakutwi na mkwe mdomo umejaa.

"Mama, hakuna watu wanaokuja."

"Wameahirisha?"

"Hakuna mtu, mama. Hajawahi kuwepo. Nilitaka tu tutembee."

"Kwa nani?"

"Si kwa mtu. Mimi na wewe tu."

Coleta akaona kwamba akinyamaza hapo atanyamaza miaka mingine kumi, akijibu "bado, mama" kila Jumapili anapoulizwa harusi lini. Akasema yote kwa mkupuo, macho yakiwa kwenye nyasi. "Na sidhani kama atakuwepo. Sitafuti. Nina kazi yangu, nina nyumba yangu, nimeridhika, mama. Nimeogopa kukwambia."

Mama akainama, akavua kiatu kimoja, akavua na cha pili, akaviweka chini ya benchi. Vidole vilikuwa vimevimba.

"Jana nimelia," akasema. "Nilipokuwa namkamata yule kuku. Nikasema, haya, Coleta naye anaondoka. Kila Jumapili akitoka misa anakuja kwangu, sasa atakuwa anaenda kwa wengine. Kwenye bajaji nimesali rozari nzima. Unajua nilikuwa naomba nini?"

"Waje salama."

"Wasije."

Coleta akageuka kumtazama. "Lakini kila siku unaniuliza lini!"

"Mimi ninaulizwa. Wanawake wa jumuiya wananiuliza, nami nitamuuliza nani?" Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, kisha akacheka, na kicheko kikamkolea mpaka akamshika binti yake bega. "Nimejibana tangu asubuhi, Coleta. Bure kabisa! Hizo chipsi zako ziko wapi?"

Zilikuwa zimeisha. Wakaagiza nyingine, na Rozina akala sahani nzima, akalamba na chumvi ya kidoleni. Akadai na chai nyingine, ya moto safari hii, maana ile ya kwanza, alisema, aliinywa kwa adabu na adabu haina sukari. Coleta alimtazama akila, na kitu alichokuwa amebeba kifuani kwa miaka kikatoka, na macho yakamlowa wazi mbele ya watu wa bustanini.

Kisha mama akanyanyuka hivyohivyo peku, akaelekea kwenye gurudumu.

Isdori, mwendesha gurudumu, mwanaume mwenye mvi za kuanzia, aliwafungia kile chuma cha kuzuia tumbo na kuwasha. Walipoanza kupanda Rozina alimng'ang'ania Coleta mkono kwa nguvu zake zote za jembe. Walipofika juu akapiga kelele kwa Kifipa, maneno ambayo Coleta hakumbuki kuyasikia yakitoka kinywani mwake, na upepo ukamfungua kilemba. Mji wote ulikuwa chini, mabati yanang'aa kwa mvua ya jana, na upande wa Mollo mashamba ya kijani. Hakutaja palizi hata mara moja.

Gurudumu likasimama. Isdori akaja kuwafungulia.

"Shikamoo, mama. Mnashuka?"

"Marahaba," Rozina akasema, na mkono wa binti yake hakuuachia. "Zungusha tena, baba. Sisi hatumsubiri mtu."